Msitu Unaochuja Maji ya Boston: Mwongozo wa Matembezi ya Siku Moja Quabbin

Ukifungua bomba la jikoni Boston, Somerville, Malden au Quincy, maji yanayotoka yamesafiri karibu kilomita 100 kutoka magharibi, kwenye bwawa la Quabbin lililo katikati ya jimbo la Massachusetts. Njiani yametiwa dawa, lakini hayakupitishwa kwenye machujio kama maji ya miji mingi. Kazi ya kuchuja imeachiwa msitu. Na msitu huo, kwa sehemu kubwa, uko wazi kwa yeyote mwenye miguu na adabu: hakuna tiketi, na ipo njia ambayo mama mwenye mtoto wa miaka saba anaweza kwenda na kurudi bila kubeba mtu mgongoni.

Mwongozo huu ni wa Waswahili wa huku: Wakenya wa Lowell, Wakongomani wa Worcester, na kila aliyejifungia ndani tangu theluji ya kwanza akingoja jua. Ni kweli kwamba Lowell hunywa mto Merrimack na Worcester ina mabwawa yake. Safari ni ileile.

Kwanza elewa kwa nini sheria ni nyingi

Sheria ya Marekani inataka maji ya mito na mabwawa yachujwe kabla ya kugawiwa mjini. Miji michache imesamehewa kwa sababu chanzo chake ni kisafi na kinalindwa vizuri. New York na San Francisco wana msamaha huo kwa sehemu kubwa ya maji yao, na mamlaka ya maji ya eneo la Boston inao pia. Maji ya Quabbin hupita kwenye njia ya chini ya ardhi hadi bwawa la Wachusett, kisha hufika kituo cha Marlborough, ambako hupigwa gesi ya ozoni na mwanga wa urujuanimno ili kuua vijidudu. Hakuna tabaka la mchanga la kukamata uchafu. Uchafu unakamatwa na majani makavu, mizizi na udongo wa msitu, na muda nao unasaidia: bwawa lina lita zipatazo trilioni 1.5, na maji hukaa humo miaka kadhaa kabla ya kuanza safari ya mjini.

Sasa mfikirie kijidudu kimoja tu, kriptosporidiamu. Hutoka kwenye kinyesi cha watu na wanyama, na klorini ya kawaida haikitishi. Mwaka 1993 kiliingia kwenye maji ya mji wa Milwaukee, na watu wanaokadiriwa kufika 400,000 wakaugua tumbo. Milwaukee walikuwa na machujio.

Ukilielewa hilo huna haja ya kukariri makatazo, utayakisia mwenyewe. Jiulize tu: jambo hili litaacha nini ardhini, na mvua ikinyesha itakipeleka wapi? Aliyekulia Tanzania ameshasikia habari ya mita 60, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitenga kandokando ya mito na mabwawa. Quabbin walikwenda mbali zaidi ya hapo. Walihamisha vijiji vizima, vikiwemo ambavyo maji hayakuvifikia kamwe, na kimoja kati ya hivyo ndicho tunachokwenda kukiona.

YALIYOKATAZWA QUABBIN

- Kuogelea, kutumbukiza miguu, kunawa au kuosha chochote bwawani.
- Mbwa na wanyama wengine wa kufugwa, hata wakifungwa kamba, hata wakibebwa mkononi. Farasi pia.
- Moto wa aina yoyote, na jiko la mkaa. Nyama choma ibaki nyumbani.
- Pombe.
- Kupiga kambi au kulala.
- Kulisha shakwe na ndege wengine. Ndege anayeshiba kwenye mkate wako hujisaidia kwenye maji ya watu.
- Kuchimba, kutumia vifaa vya kutafutia vyuma, kuokota kumbukumbu za kale.
- Baiskeli nje ya barabara zilizotengwa.
- Kuacha taka. Usitegemee kukuta pipa, ulichoingia nacho toka nacho.

Yako mawili ya kwetu ambayo mabango hayakuyafikiria. Muislamu anayefikiwa na wakati wa swala achukue udhu kwa chupa yake mwenyewe, mbali na ukingo. Na mchungaji atakayeliona bwawa akakumbuka Yordani, ubatizo autafutie ziwa la kuogelea, maana Massachusetts inayo mengi.

Chagua njia: Lango namba 40

Quabbin imezungukwa na malango zaidi ya 50 yenye namba, na kila lango lina barabara ya zamani inayoingia msituni. Baadhi ya barabara hizo huishia majini, kwa sababu kijiji zilichokuwa zikielekea kiko chini ya maji. Ukitazama ramani kwa mara ya kwanza utatamani kuyajaribu yote. Kwa safari ya kwanza yaache, uende Lango namba 40, lililo kwenye barabara ya 32A katika mji wa Petersham.

Kutoka hapo hadi uwanja wa kijiji cha zamani cha Dana ni kama kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Njia ni barabara kuukuu ya magari, haina mwinuko wa kutisha, na si rahisi kupotea. Mtu mzima asiye na haraka huimaliza kwa saa mbili. Ukiwa na watoto na chakula cha mchana, weka saa nne.

Kama unaongozana na wazee, au mtu anayeumwa magoti, kuna mpango mwingine. Nendeni Quabbin Park, upande wa kusini, kando ya barabara namba 9 kati ya Belchertown na Ware. Pale gari linaingia, na kuna ukuta mkubwa wa Winsor Dam, mnara, na mahali paitwapo Enfield Lookout ambapo unaliona bwawa na visiwa vyake ukiwa umeketi. Kituo cha Wageni kiko hapohapo na kinatoa ramani. Kwa maoni yangu ni safari nzuri ya kutazama, lakini si ya kutembea.

Rasi ya Prescott, ile nchi kavu ndefu inayoligawa bwawa katikati, imefungwa kwa umma. Usishawishike na mtu anayesema anajua kichochoro.

Wakati gani wa machipuko

Machipuko ya huku hayaji kwa siku moja. Yanavutana na baridi wiki nzima, leo jua, kesho theluji nyepesi, na kila kipande cha majira kina starehe zake na karaha zake.

*Machi.* Barafu bado iko kwenye vivuli, udongo ni tope. Kama huna viatu vya kuzuia maji, subiri.

*Aprili ya mwanzo na ya kati.* Miti haina majani, kwa hiyo unaona mbali. Madimbwi ya theluji iliyoyeyuka yanajaa vyura, na wale wadogo kabisa hupiga kelele jioni hata ukashindwa kuongea na mwenzako. Ubaya wake ni kwamba majani makavu ya mwaka jana yamekauka juani, na hiki ndicho kipindi kibaya cha moto wa msituni Massachusetts. Anayevuta sigara aimalizie nyumbani kwake.

*Wiki ya mwisho ya Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei.* Hizi ndizo siku ninazozipendekeza. Tope limepungua, mipira ya maua mekundu ya miti ya mepo imefunguka, na wadudu wa kuuma bado wachache.

*Mei ya kati hadi Juni ya kati.* Msitu ni kijani kitupu na usubi wametoka. Ni jamii ileile ya inzi wadogo weusi ambao kwetu, Mahenge nchini Tanzania kwa mfano, huambukiza ugonjwa wa upofu. Wa huku hawaenezi ugonjwa huo, ila wanauma nyuma ya masikio mpaka damu itoke. Vaa kofia yenye wavu na nguo za rangi isiyokoza.

Joto lisikudanganye. Mchana wa Aprili unaweza kufika nyuzi 15 na usiku wake ukaganda. Kando ya bwawa upepo huja ukiwa umepita juu ya maji yaliyokuwa barafu mwezi uliotangulia.

Jioni kabla ya safari

Kazi kubwa hufanyika hapa, na matatizo mengi ya njiani huanzia hapa pia.

1. Pakua ramani. Mtandao wa simu maeneo haya ni wa kubahatisha. Hifadhi ramani kwenye simu na uchukue nyingine ya karatasi. Piga picha ya bango la langoni ukifika, litakusaidia kumweleza mtu wa huduma za dharura uko wapi.

2. Mwambie mtu. Atajwe mtu mmoja anayebaki nyumbani, ajue mnakwenda lango gani na mnatarajia kurudi saa ngapi.

3. Tayarisha nguo za tabaka. Ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa jasho hubaki na baridi mwilini. Juu yake sweta, kisha koti la kuzuia upepo na mvua. Suruali ndefu ya rangi nyeupe au krimu, na soksi ndefu. Rangi hiyo si ya urembo, ni ya kuwaona kupe.

4. Pika chakula cha mkononi. Chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha, maandazi, ndizi, karanga. Chai iwe kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Epuka vyenye mchuzi, maana hapana pa kunawa.

5. Beba maji yako. Lita moja na nusu hadi mbili kwa mtu mzima. Utatembea karibu na maji ya kunywa ya mamilioni ya watu na hutakunywa hata funda: yale bwawani bado hayajatiwa dawa.

6. Panga suala la choo. Watu huona haya kuliongelea, halafu linawakuta kilomita mbili ndani. Baadhi ya malango yana vyoo vya kubebeka, usitegemee. Simameni kituo cha mafuta au mgahawani kabla ya kuingia eneo la bwawa. Mwenye mtoto mdogo abebe nepi hata kama mtoto ameshaziacha, pamoja na mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha kitu, na vyote arudi navyo. Kufukia porini, njia ambayo huenda umeizoea kwingine, hapa haifai.

7. Kama ni kundi kubwa, la jumuiya au la kanisa, piga simu Kituo cha Wageni mapema uulize kuhusu kibali. Msifike magari kumi kwa mpigo mkitegemea bahati.

VYA KUBEBA

☐ Maji na chakula
☐ Ramani ya karatasi
☐ Kitambulisho
☐ Kibano chenye ncha nyembamba
☐ Dawa ya kufukuza wadudu
☐ Koti la mvua na soksi za akiba
☐ Mifuko miwili ya taka
☐ Filimbi kwa kila mtoto
☐ Tochi, hata kama mnarudi mchana

Siku yenyewe

1. Ondokeni asubuhi. Kutoka Worcester ni kama saa moja kwa gari, kutoka Lowell weka saa moja na nusu. Basi la kufika langoni halipo. Mkiwa Lango namba 40 saa nne asubuhi, mnao mchana mzima mbele yenu.

2. Egesha gari pembeni ya barabara bila kuziba lango. Lango limefungwa, ndiyo, lakini magari ya zimamoto na ya walinzi hulitumia. Gari lililoliziba ndilo litakalovutwa.

3. Soma bango hata kama umeusoma mwongozo huu. Kanuni hubadilika, na sehemu fulani hufungwa kwa muda ndege wanapotaga.

4. Chomeka suruali ndani ya soksi. Utachekwa. Chomeka hivyohivyo, tena na watoto.

5. Kubalianeni kanuni ya watoto: hakuna anayetangulia nje ya upeo wa macho, na aliyepotea akumbatie mti ulio karibu apige filimbi, asitafute njia.

6. Tembeeni katikati ya barabara. Kupe hukaa kwenye ncha za nyasi na vichaka vya pembeni wakisubiri kitu chenye damu kipite. Pembeni kuna pia mmea wa kuogopa, wenye majani matatu kwenye kila kikonyo, ambao mabango huuita poison ivy. Mafuta yake huwasha ngozi kwa wiki nzima, na mapema mwezi wa Aprili hata shina lisilo na jani linawasha. Usishike mmea wowote wenye nywelenywele uliopanda mti.

7. Mkimwona dubu mweusi, msikimbie. Simameni pamoja, ongeeni kwa sauti, rudini nyuma taratibu. Wametoka usingizini na njaa lakini kwa kawaida humkwepa mtu. Moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo kinachoshinda farasi, nampa heshima kubwa zaidi. Akiwepo barabarani, barabara ni yake. Mpeni nafasi.

8. Angalieni juu pia. Tai mwenye kichwa cheupe alikuwa ameacha kabisa kuzaliana Massachusetts. Mwaka 1982 wataalamu walianza kulea makinda Quabbin, na mwaka 1989 viota vya kwanza vikatoa makinda walioruka. Machipuko ni wakati wa kulea. Ukikiona kiota, kitazame kwa mbali ukapite.

9. Geukeni mapema. Ruhusa ya kuwemo ni kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya jua kuzama. Katikati ya Aprili jua huzama karibu saa moja na nusu usiku, lakini msiitumie ruhusa yote. Saa kumi alasiri muwe mnarudi.

ONYO KUHUSU SAA. Mwezi Mei 2013 vijana saba wenye asili ya Pakistan, India na Singapore walikutwa Quabbin baada ya saa sita usiku. Walisema wamesomea uhandisi wa kemikali na walitaka tu kuliona bwawa. Polisi wa jimbo na FBI waliingia kazini, habari ikaenea nchi nzima, na hatimaye hakukupatikana dalili yoyote ya ugaidi. Hata hivyo walishtakiwa kwa kuingia isivyo halali, na ulinzi wa mabwawa ya jimbo ukaongezwa. Mgeni mwenye karatasi za uhamiaji zinazosubiri majibu hana sababu ya kujiingiza kwenye kadhia ya namna hiyo kwa ajili ya picha ya machweo. Mlinzi akiwasimamisha, salimieni, jibuni kwa utulivu mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Mara nyingi anataka tu kujua kama mna mbwa.

Mkifika Dana

Hapa punguzeni mwendo. Kaeni hata saa nzima.

Mtakachokiona ni uwanja wa nyasi wenye miti mikubwa na jiwe la kumbukumbu, na kuuzunguka, mashimo ya misingi ya nyumba. Ni mahame halisi. Dana ulianzishwa mwaka 1801. Ulikuwa na shule, hoteli na ukumbi wa mji. Mwaka 1938, tarehe 28 Aprili, kisheria ulikoma kuwepo, pamoja na miji jirani ya Enfield, Greenwich na Prescott. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walicheza dansi ya kuagana katika ukumbi wa Enfield, na ilipogonga saa sita miji minne ikafutwa. Ukienda wiki niliyopendekeza, utakuwa pale karibu na kumbukumbu ya siku hiyo.

Watu wapatao 2,500 walihamishwa kwenye bonde hilo la mto Swift. Nyumba ziliuzwa, zikahamishwa au zikabomolewa. Makaburi zaidi ya 7,500 yalifukuliwa, na mengi yakazikwa upya katika makaburi yaliyotengwa mjini Ware. Maji yalianza kuzuiwa Agosti 1939 na bwawa likajaa mwaka 1946.

Mweleze mtoto jambo hili, kwa sababu atauliza: maji yako wapi? Kutoka kwenye uwanja wa Dana huyaoni. Mahali hapa ni pa juu, maji hayakupanda hadi hapa. Watu wa Dana ya katikati hawakuhamishwa na mafuriko ya bwawa, walihamishwa ili ng'ombe wao, vyoo vyao na mashamba yao yasiwe juu ya maji ya Boston. Nchi iliachwa ikawa msitu kwa makusudi. Wenye asili ya vijiji vilivyohamishwa kupisha mabwawa na hifadhi huko kwetu watalitazama lile jiwe kwa jicho lao, na sitawaambia walione vipi.

Mambo machache ya kuzingatia mkiwa pale:

- Mashimo ya misingi ni marefu kuliko yanavyoonekana, na machipuko majani makavu huyaficha. Mtoto asikimbie kuelekea kwenye mawe.
- Tofali, kipande cha chupa, msumari wa kufua: vyote vibaki vilipo. Dana imo kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria.
- Kuta za mawe msituni ni mipaka ya mashamba ya zamani. Msikalie, mawe yamelegea na nyoka hupenda kuota jua juu yake.
- Kipaza sauti cha muziki kibaki kwenye gari. Wapo wajukuu wa watu wa Dana wanaokuja kukaa kimya hapo.

Barabara zinaendelea mbele ya uwanja, na baadhi hufika karibu na maji. Fuata moja tu kama una ramani ya karatasi mkononi, kundi halijachoka, na bado ni kabla ya saa nane mchana. Ukifika ukingoni simama hatua chache nyuma. Ukisikia sauti inayofanana na kilio kutoka majini, huyo ni ndege aitwaye loon, aliyerudi kuzaliana hapa mwaka 1975 baada ya kutoweka jimboni kwa miongo mingi.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Kuvaa raba nyeupe mpya kwenye tope la Aprili. Kumficha mbwa kwenye mkoba. Kuweka chakula kingi na maji machache. Kutegemea simu kwa ramani, saa, tochi na picha, kisha betri ikaisha kwa baridi. Kuwavalisha watoto kaptula kwa sababu jua limewaka. Na kosa ninaloliona la hatari kuliko yote: kufika nyumbani, kujitupa kwenye kochi, na kulala na nguo zilezile.

Ukirudi: kupe

Ugonjwa wa Lyme umepewa jina la mji ulio jirani hapa, Lyme wa Connecticut. Huletwa na bakteria anayebebwa na kupe wa kulungu. Usimfikirie yule kupe wa ng'ombe unayemjua, aliyevimba. Mchanga wake, ambaye hutoka kwa wingi kuanzia Mei, ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na anapouma hutahisi kitu. Wakubwa huanza kutembea mapema zaidi, mara joto linapopita nyuzi nne hivi, kwa hiyo Aprili pia si salama. Habari njema ni kwamba kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania mwilini zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza. Ukimpata jioni ileile, umeshinda.

Kabla ya safari, nguo na viatu vinaweza kupuliziwa permethrini, dawa ya jamii ya zile zinazotiwa kwenye vyandarua. Ni ya nguo tu, usijipake mwilini, na iache ikauke mbali na paka, maana huwaua. Ngozini tumia dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET, ukifuata maelekezo ya umri kwa watoto.

Mkishafika nyumbani:

1. Nguo zote ziingie moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, kwa joto la juu, dakika kumi. Kuzifua kwanza kwa maji ya baridi hakuui kupe.
2. Ogeni ndani ya saa mbili.
3. Kaguaneni: nyuma ya magoti, kinenani, kitovuni, kwapani, kiunoni, ndani na nyuma ya masikio, na kwenye nywele. Wenye kusuka wapapase mistari ya suko moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, macho pekee hayatoshi.
4. Ukimkuta ameng'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu kwenda juu bila kuzungusha. Usimpake mafuta, usimchome kwa kiberiti. Osha mahali hapo kwa sabuni.
5. Mbandike kupe kwenye utepe wa gundi, andika tarehe. Kama unadhani alikaa zaidi ya siku moja, mpigie daktari ndani ya siku tatu. Kuna dawa ya dozi moja ambayo anaweza kukupa kama kinga, na baada ya hapo muda wake umepita.
6. Kwa siku 30 jichunguze. Vitabu vingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani: unaweza kuona doa lililokoza, au kitu kama mvilio wa damu, linalopanuka siku hadi siku na pengine lina joto ukiligusa. Homa, kuchoka kupita kiasi, maumivu ya viungo au upande wa uso kulegea ni dalili pia. Mwambie daktari wazi: nilikuwa msituni Quabbin, tarehe fulani, na mwonyeshe doa chini ya mwanga mzuri. Akisema haoni wekundu, mwambie ulipoanza kulitazama lilikuwa na upana gani.